Lori la boksi na madereva wa Red Ball

Najua nimepotea kidogo, mambo ya chuo si mnayajua, msuli unakaba na kazi za semina zimenipanga foleni. Leo siongelei bumu wala wali wa kantini. Leo ni historia, maana ndiyo somo langu la kufundishia, na nataka niwasimulie habari za lori ambalo wiki hizi limejaa mezani kwangu mpaka wenzangu wa chumbani wanakosa pa kuweka vikombe.

Mie najenga diorama. Kwa asiyejua, diorama ni mandhari ndogo ya kuchonga kwa mkono, yenye vitu na watu waliopunguzwa kwa kipimo kimoja, ili mtu akiangalia aone tukio zima kwa mkupuo. Neno lenyewe lina historia yake. Mwaka 1822 Mfaransa Louis Daguerre, huyuhuyu aliyekuja kujulikana kwa mambo ya picha za kamera, alifungua Paris jumba la maonyesho akaliita Diorama. Watu walikuwa wanakaa gizani kutazama picha kubwa mno zilizochorwa kwenye kitambaa, mwanga ukibadilishwa mpaka mchana unageuka usiku. Baadaye majumba ya makumbusho yakalichukua jina, na baada ya hapo wajenzi wa vifani vya magari na vifaru nao wakalichukua.

Diorama yangu ni ya lori la jeshi la Marekani, GMC CCKW, likiwa Ufaransa mwaka 1944. Kwa nini lori na siyo kifaru? Kwa sababu vitabu vingi tunavyosoma vya Vita Kuu ya Pili vimejaa majenerali na vifaru, na mwanafunzi anamaliza mada hajajiuliza hata siku moja: hivi ile petroli ya vifaru ilifikaje kule mbele? Nani aliileta? Jibu la swali hilo ni watu weusi, ndugu zangu. Tena wengi.

Tuanze na hesabu

Kipimo ninachotumia ni 1 kwa 35, yaani kila sentimeta 35 za kweli zinakuwa sentimeta 1 kwenye kifani. Hicho ndicho kipimo kinachotumika sana duniani kwa vifani vya kijeshi, na asili yake inachekesha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitengeneza kifani cha kifaru cha Kijerumani, Panther, chenye mota ndani. Ukubwa wake uliamuliwa na nafasi ya kutosha mota na betri! Walipokuja kupima, wakakuta ni kama 1 kwa 35. Kikauzika, wakaendelea hivyohivyo, na wengine wakafuata. Kwa hiyo ukubwa wa askari wa plastiki dunia nzima umetokana na betri.

Sasa lori letu. CCKW ya chesisi ndefu ilikuwa na urefu wa kama mita 6.5, upana mita 2.24, na kimo kama mita 2.8 turubai likiwa juu. Gawanya kwa 35: urefu sentimeta 18.6, upana 6.4, kimo 8. Tairi lake lina kipenyo cha kama sentimeta 92, linakuwa 2.6. Mtu wa mita 1.75 anakuwa sentimeta 5 kamili. Hesabu hizi nilizifanyia nyuma ya desa la Saikolojia ya Elimu, mhadhiri akiwa anaendelea mbele. Asisome hapa.

Lile jina la herufi nalo lina maana. C ya kwanza ni mwaka wa usanifu, 1941. C ya pili ni kichwa cha kawaida, chenye injini mbele. K ni kwamba magurudumu ya mbele nayo yanavuta. W ni ekseli mbili za nyuma zinazovuta. Askari hawakuwa na muda na hayo yote, wao waliliita kwa uwezo wake wa kubeba, "Mbili na Nusu", maana nje ya barabara lilipangiwa tani 2.5. Kati ya 1941 na 1945 yalitengenezwa zaidi ya 500,000.

Kwa nini malori?

Tarehe 6 Juni 1944 majeshi ya Marekani, Uingereza, Kanada na wenzao yalishuka pwani ya Normandy. Kwa wiki nyingi walikwama karibu na pwani, wakipigana uzio kwa uzio, maana mashamba ya kule yamezungushiwa kingo za udongo zenye miti na vichaka. Mwishoni mwa Julai wakavunja ngome ya Wajerumani, na Agosti wakaanza kukimbia. Paris ilikombolewa tarehe 25 Agosti. Mambo yalikwenda kasi kuliko waliokuwa wamepanga kwenye makaratasi.

Tatizo likawa tumbo la jeshi. Divisheni moja ilikadiriwa kuhitaji kama tani 750 za vitu kwa siku: petroli, risasi, chakula. Reli? Reli za Ufaransa walikuwa wamezipiga mabomu wenyewe kabla ya kushuka, ili Wajerumani wasizitumie. Bandari? Cherbourg ilichukuliwa mwishoni mwa Juni lakini Wajerumani waliiharibu kabla hawajaiachia. Antwerp, bandari kubwa ya Ubelgiji, ilichukuliwa tarehe 4 Septemba ikiwa nzima, ila njia ya maji ya kuingilia ilikuwa bado mikononi mwa Wajerumani, na msafara wa kwanza wa meli za mizigo uliingia tarehe 28 Novemba. Kwa hiyo mzigo ulikuwa umerundikana kule Normandy, wapiganaji wako mamia ya kilometa mbele, na katikati hakuna kitu ila barabara.

Basi tarehe 25 Agosti 1944, siku ileile Paris inashangilia, ukaanzishwa mpango ulioitwa Red Ball Express, tuseme Msafara wa Duara Jekundu. Jina lilitoka kwa watu wa reli wa Marekani, waliolitumia kwa mzigo wa haraka usiotakiwa kusimamishwa. Zilichaguliwa barabara mbili sambamba kutoka Saint-Lô kuelekea Chartres: moja ya kwenda na mzigo, nyingine ya kurudi tupu. Raia hawakuruhusiwa kuzitumia. Njiani kulisimikwa vibao vyenye duara jekundu ili dereva asipotee. Baadaye njia ilirefushwa kadiri vita ilivyosogea mashariki.

Siku ya tano, tarehe 29 Agosti, yalikuwa barabarani magari 5,958, na yalifikisha tani 12,342. Chukueni kikokotoo: ni kama tani 2 kwa kila gari. Mpaka msafara unafungwa tarehe 16 Novemba, ulikuwa umebeba tani 412,193.

Msidhani lakini mpango huo ulimaliza tatizo. Mwishoni mwa Agosti jeshi la Jenerali Patton lilikwama kwenye mto Meuse kwa kukosa petroli. Tena malori yenyewe yalikuwa yanakunywa petroli, na kila vita ilivyosonga mbele ndivyo safari ilivyorefuka na yakazidi kunywa. Hata hivyo, bila yale malori jeshi lingekwama mapema zaidi.

Kandambili, raba na spoku

Huwezi kuagiza kifani cha Tamiya kwa bumu la mwanafunzi, na hata ningeweza nisingeagiza. Nitakwenda kufanya mazoezi ya kufundisha, na mwalimu wa mbinu anatuimbia kila siku kwamba zana za kufundishia zitokane na mazingira. Kwa hiyo:

Mwili wa lori ni boksi gumu, lililobandikwa tabaka mbilimbili kwa gundi nyeupe ya mafundi seremala. Chesisi ni vipande vya rula ya mbao iliyovunjika. Ekseli ni spoku za baiskeli. Kingo za bodi la nyuma ni njiti za kiberiti. Taa za mbele ni shanga.

Matairi ndiyo yaliyonifurahisha kuliko vyote. CCKW ina matairi kumi: mawili mbele, na nyuma manane yaliyopangwa mawilimawili. Tairi moja lilikuwa na upana wa kama sentimeta 19, kwa kipimo chetu ni milimita 5 na kidogo. Soli ya kandambili ina unene wa kama milimita 12. Maana yake ukikata duara moja tu la kandambili, ukachora mfereji katikati kwa wembe, umepata jozi nzima ya matairi ya nyuma! Ya mbele unapasua unene katikati. Kandambili moja kuukuu imetoa lori zima na mabaki.

Turubai ni karatasi laini ya chooni iliyolowekwa kwenye gundi na maji, ikalazwa juu ya matao ya waya. Ikikauka inakuwa na mikunjo kama turubai la kweli lililopigwa upepo.

Halafu kuna mzigo. Lori langu limebeba petroli, na petroli ilikwenda kwenye makopo ya chuma ya lita 20. Hapa historia imekaa mdomoni mwetu. Kopo lile lilisanifiwa Ujerumani kabla ya vita, likawa zuri mno: halivuji, lina mishikio mitatu, linabebeka na mtu mmoja au wawili. Waingereza wakaliiga, Wamarekani wakaliiga. Askari wa Kiingereza walikuwa wanawaita Wajerumani "Jerry", basi na kopo likawa kopo la Jerry. Ndiyo hilo, ndugu msomaji: kila unaposema jerikeni unatamka jina la utani la adui wa mtu mwingine.

Jerikeni la kweli lina kimo cha sentimeta 47, upana 34.5 na unene 16.5. Kwenye kifani ni sentimeta 1.3 kwa 1 kwa nusu. Nimeyachonga kwa raba za kufutia. Nikapiga hesabu: bodi la urefu wa mita 3.66 na upana wa kama mita 2 linachukua makopo 110 hivi kwa tabaka moja, na kopo likijaa lina kama kilo 20. Jumla tani 2.2, yaani tabaka moja tu na lori limejaa kwa sheria. Ndiyo maana kwenye lami waliruhusiwa kupakia hadi mara mbili. Kwenye kifani nimechonga 15 tu, yanayoonekana kwa nyuma, mengine turubai linaficha.

Ufaransa kwenye ubao wa sentimeta 45

Mandhari nimeyajenga juu ya kipande cha ubao cha sentimeta 45 kwa 30. Nilitaka mwanzoni kuweka malori mawili yakifuatana. Kanuni za Red Ball zikakataa! Kanuni zilisema gari na gari zipishane yadi 60, kama mita 55. Gawanya kwa 35: mita 1.57. Lori la pili lingekuwa kitandani kwa Mwanaidi. Kwa hiyo picha zote mnazoona za malori yamebanana kwenye diorama ya Red Ball, jueni mjenzi alibanwa na meza, au madereva walikuwa wanavunja sheria. Na walizivunja kweli. Mwendo uliopangwa ulikuwa maili 25 kwa saa, kama kilometa 40, na injini zilifungwa kidhibiti mwendo. Madereva walikuwa wanakitoa, wanakirudisha siku ya ukaguzi. Mnaopanda mabasi ya mikoani hamtashangaa.

Basi nimechagua lori moja lililosimama kando kwa pancha. Kanuni nyingine ilikuwa hiyo: ukiharibikiwa toka barabarani, subiri mafundi wa doria wapite. Na matairi ndiyo yaliyokuwa ugonjwa mkubwa, maana magari yalizidishiwa mzigo, hayakupumzika, na barabara ilikuwa imejaa makopo matupu ya chakula yaliyotupwa na askari wenyewe, yanapasua mpira.

Ukingo wa shamba la Normandy ni maboksi meupe ya povu yanayokuja na redio, nimeyakata kwa kisu cha moto. Juu yake plasta, juu ya plasta udongo uliochekechwa kwa chujio la chai. Majani marefu ni nyuzi za katani zilizochovywa rangi ya kijani. Vichaka ni sponji ya kuoshea vyombo iliyochanwachanwa, vigogo ni mizizi ya nyasi. Majani makavu chini ya vichaka ni majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa, yakakaushwa dirishani. Vumbi la mbao kanipa fundi seremala nyuma ya hosteli. Nilipomuuliza bei akasema, "Mwanangu chukua tu, mie nalifagia." Nalitumia kama changarawe ya kando ya barabara.

Kibao cha Red Ball ni pini nyekundu ya kubandikia karatasi juu ya kijiti cha meno. Makopo ya chakula ni karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara. Na vumbi la safari juu ya lori ni chaki. Mwalimu mtarajiwa nikose chaki?

Rangi ya jeshi la Marekani, ile kijani iliyofifia, unaipata kwa kuchanganya njano na nyeusi. Pole pole tu, nyeusi ikizidi imekula kwako. Mlangoni nyota nyeupe yenye ncha tano.

Rangi ya dereva

Sasa tufike pale ambapo chumba kizima kilisimama. Madereva wangu wawili nimewafinyanga kwa ule udongo wa gundi wanaozibia mafundi bomba, juu ya mifupa ya waya. Mmoja amepiga goti kwenye tairi, mwingine kasimama na spana. Nikawapaka kahawia.

Mwanaidi akaja na chai yake, akatazama, akasema, "We mwalimu, hawa si Wamarekani? Mbona umewafanya kama wajomba zangu?"

Nikamwambia shoga, hiyo ndiyo diorama yenyewe. Karibu robo tatu ya madereva wa Red Ball walikuwa Wamarekani weusi. Na hawakuwa pale kwa bahati. Jeshi la Marekani wakati ule lilibagua kwa sheria zake lenyewe: weusi vikosi vyao, weupe vyao. Wakubwa wengi waliamini mtu mweusi hafai kushika bunduki mstari wa mbele, kwa hiyo wengi walipelekwa kupakia, kupika, kuchimba na kuendesha. Halafu vita ikafika mahali ambapo kila kitu kilimsubiri dereva.

Watu hawa waliendesha usiku na mchana, wawili wawili wakipokezana, wengine wakisinzia kwenye usukani. Kule kwao, hasa majimbo ya kusini, mtu huyohuyo akirudi na sare yake haruhusiwi kukaa kiti cha mbele cha basi. Ilikuwa mpaka tarehe 26 Julai 1948 ndipo Rais Truman akatia saini amri ya kuondoa ubaguzi jeshini, na utekelezaji ukachukua miaka mingine.

Sasa tazameni brashi inavyoweza kufanya. Askari wa kifani anatoka kiwandani akiwa plastiki ya rangi moja, hana kabila. Anayeamua ni mwenye brashi. Na kwenye rangi za Tamiya ipo namba XF-15, ambayo jina lake kwa Kiswahili ni rangi ya mwili. Mwili gani? Ni waridi iliyopauka. Mtu anafuata namba kwa nia njema kabisa, anapaka madereva wake XF-15, na bila kusema uongo hata neno moja amewafuta watu maelfu kwenye kazi yao.

Sinema nayo ilifanya yake. Mwaka 1952 ilitoka filamu ya Red Ball Express. Sidney Poitier yumo, lakini nyota wa mbele ni luteni mweupe, kaigiza Jeff Chandler.

Darasani itakuwaje

Mpango wangu kwenye mazoezi ya kufundisha ni kuiweka diorama mezani bila kusema kitu, niwape dakika kumi na rula. Wapime lori, wazidishe kwa 35. Wahesabu makopo. Waulize kwa nini limesimama. Halafu waulize hawa ni nani. Nikianza na maelezo wataandika notisi, nikianza na lori watauliza.

Na najua swali litakalofuata, maana Mwanaidi keshaniuliza: "Na sisi tulikuwa wapi?" Tulikuwepo. Vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland waliingizwa jeshi la Mwingereza, wapo waliopigana Ethiopia mwaka 1941 na Burma mwaka 1944, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw kwenye matope ya masika. Nao walikuwa na kikosi chao cha usafirishaji, East African Army Service Corps, na madereva wake Waafrika. Huenda mwanafunzi mmoja nyumbani kwao ipo picha ya babu kasimama kando ya lori, na hakuna aliyewahi kumuuliza alibeba nini, kutoka wapi kwenda wapi.

Kwa hiyo kazi ya nyumbani nimeshaipanga: kila mmoja aende kwa mzee wa karibu akaulize kama katika ukoo wao kuna aliyeendesha, aliyepika au aliyebeba mizigo vitani, aje na maelezo nusu ukurasa. Kandambili kuukuu ninazo mbili zimebaki. Wakinipatia dereva mmoja tu wa Burma, lori la pili nalianza likizo hii, na mara hii ubao uwe mpana wa kutosha matope.

Haya wadau, semina ya saa nane inaniita. Alamsiki.